Moshi wa Mikumi, Jiko la Mvumi

Juzi, nikiwa kwenye foleni ya zahanati moja hapa Kilosa, mzee kutoka Mvumi alimkalisha mkewe kwenye benchi, akamfuta jasho kwa ncha ya kanga. Mama alikuwa akikohoa. Mganga, kijana mpole, akawaamkia, "Shikamooni," wakamwitikia, kisha akauliza kama mama anapikia ndani.

"Hapiki," mzee alijibu akitazama chini. "Tangu aanze kukohoa napika mimi, uani. Na hizi nyumba za kijiji cha ujamaa zilivyokaribiana, kila mtu ananiona nikisonga ugali. Wanacheka. Lakini kifua hakiponi."

Mganga akamwonyesha dirishani milima iliyofifia. "Moshi ule ni wa nyasi zinazoungua Mikumi, mzee wangu. Majivu huanguka njiani, lakini hewa zenye sumu hazionekani, na upepo huzifikisha mpaka kwenu. Si jiko lako."

Mzee akashusha pumzi. "Basi atarudi jikoni," akasema, akatoka kufuata baiskeli.

Mama akamshika mganga mkono. "Mwanangu, hilo la jiko ungeliacha. Tangu anioe sikuwahi kupikiwa mpaka kilipokuja kikohozi hiki. Ugali wake una madonge, lakini nimeuzoea."

Mganga akakuna kichwa. Mzee alipotokea mlangoni, mganga akamwambia, "Kifua kilichoumia hakitaki hata moshi mdogo. Endelea kupika wewe mpaka apone kabisa."

Hapo mama akakohoa tena. Mimi si mganga, lakini kikohozi kile hakikutoka Mikumi.