Kibanio Chekundu cha Wiebe

Gari la Wiebe likaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Akikata kulia, lenyewe linakwenda kushoto. Mwisho likatoka barabarani na kulala mtaroni, mbele ya klabu nzima ya magari ya rimoti.

"Mzee, limelewa gari au umelewa wewe?" mwanaklabu mwenzake Gerlof akamuuliza. Tumbo lake Gerlof lilifika mezani kabla yake.

Wiebe akakimbilia kuliokota gari. Moyo ulikuwa umemruka. Rimoti za zamani kama yake, gari likitetemeka hivyo, mara nyingi kuna mtu kawasha rimoti ya chaneli ileile. Ndiyo maana kwenye kibanda cha klabu kuna ubao wa vibanio vya nguo, kila kimoja na chaneli yake. Hujachukua kibanio, huwashi rimoti.

Wiebe na rafiki yake Tjalling walikuwa na chaneli moja, kibanio kimoja chekundu. Mmoja akiendesha, mwenzake anakaa benchini na kahawa, kazi yake kumtukana tu. Basi Tjalling akafa. Waliobaki wakanunua rimoti za kisasa zinazojitafutia chaneli zenyewe, vibanio vikaota utando wa buibui. Chekundu tu ndicho kilichobaki safi.

"Nani yuko kwenye chaneli yangu?" Wiebe akauliza, sauti ya mtu aliyesikia hodi mlangoni.

"Chaneli yako wewe? Hata mbu hapiti huko."

Watu wakacheka. Wiebe akaliweka gari juu ya boksi, magurudumu hewani, akazima rimoti yake na kuliacha gari limewashwa. Kama kuna mtu, litacheza lenyewe.

Akainama, akalitazama. Kahawa ikapoa. Gerlof naye akasogea kutazama.

Gari halikutikisika hata kidogo.

Basi akafungua rimoti. Waya wa antena ulikuwa umekatika shinani, umebaki kuning'inia kwa uzi mmoja. Akautia lehemu, akaendesha. Gari likanyooka kama halijawahi kuugua.

"Limepona hilo," Gerlof akasema.

"Limepona," Wiebe akasema, kama mtu anayepewa pole.

Akazunguka kidogo, akalisimamisha gari, akarudisha kibanio chekundu ubaoni, akakaa benchini.

"Mbona umeacha, mzee? Betri si bado ina chaji?"

"Inayo," Wiebe akasema, akisogea kuacha nafasi pembeni yake. "Ila sasa si zamu yangu."