Tulilima barabara Mbozi, wenzetu wakalima Ileje, zikapishana mtoni: kosa langu lilikuwa ujumbe mmoja

Wakuu, poleni na majukumu.

Humu jukwaani mimi ni msomaji tu. Leo naandika kwa sababu tangu asubuhi nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Yote yametokea kweli, na nilipokosea sitapaficha.

Mimi ni mkulima wa kahawa wilaya ya Mbozi, kijiji cha mwisho kabla hujaingia Ileje. Katikati yetu kuna bonde lenye mto mdogo. Ng'ambo ndiko nilikooa.

Kwa mguu ni chini ya saa moja. Kwa gari unazunguka hadi barabara kuu, na mvua ikinyesha siku yako imeisha.

Basi tukaamua kulima barabara wenyewe, kila Jumamosi, majembe na sululu, hadi mtoni. Wenzetu wa ng'ambo nao wakaanza ya kwao.

Mimi ni katibu wa kamati yetu. Katibu wa kwao ni Lusekelo, kaka wa mke wangu.

Siku moja akanitumia ujumbe WhatsApp: "Shemeji, tukutane mtoni tukubaliane pa kuvukia kabla hatujafika chini."

Nikausoma kwenye kikao. Mwenyekiti wetu, mzee Nzunda, akaruka: "Barabara yetu tunapangiwaje na watu wa wilaya nyingine? Wao walime kwao!"

Makofi.

Ningeweza kusema neno. Sikusema. Ukweli ni kwamba nilikuwa na kinyongo na Lusekelo, maana wakati wa uchumba alimpigia debe jamaa mwingine. Mambo ya zamani hayo, lakini yalikuwa bado yananiwasha.

Nikamjibu: "Kila mtu alime kwake."

Tulipofika chini ndipo tukaona. Yetu imetokea kwenye tope, yao imetokea juu kwenye mwamba. Kati ya hizo mbili ni hatua kama mia tatu, na zote ni korongo. Sisi tukasema wao wapindishe, wao wakasema sisi. Masika yakaingia, hakuna aliyegusa jembe.

Sasa wakuu, asubuhi moja mke wangu akapigiwa simu: mama yake anatapika, mwili unawaka, hawezi kusimama. Hospitali ya karibu ni ya upande wetu.

Nikaomba pikapu ya jirani, nikaiendesha mwenyewe hadi mwisho wa barabara yetu. Ng'ambo gari lililomleta mama limefika mwisho wa barabara yao. Nawaona kabisa wanamshusha kwa machela.

Lusekelo akapaza sauti: "Shemeji! Huko chini panapitika?"

"Pana utelezi! Msishuke, nakuja!"

Lakini walishaanza kushuka. Machela ikawashinda korongoni. Nilipowafikia, Lusekelo alikuwa amekaa chini, goti limevimba. Waliobaki ni wazee wawili wanaohema.

Nani ambebe mama?

Kwa tulivyolelewa, mkwe na mama mkwe mnapishana mbali, hata mkono hampeani. Nikachuchumaa, nikampa mgongo.

Akasema kwa sauti ndogo, "Hapana, baba. Wewe hapana."

Lusekelo akamwambia, "Mama, panda tu."

Akapanda. Njia nzima nilimsikia akilia shingoni kwangu, na si kwa homa peke yake. Kipande ambacho gari lingemaliza kwa dakika mbili kilituchukua zaidi ya saa nzima.

Alilazwa, akapona, Mungu ni mwema. Siku ile pale hospitali, Lusekelo kanyoosha mguu kwenye benchi, akaniuliza bila hasira, "Ule ujumbe wangu uliusoma kikaoni?"

"Niliusoma."

"Haya."

Wakuu, afadhali angenitukana.

Kikao kilichofuata nilisimama nikasoma ule ujumbe tena, na jibu langu, nikasema kosa ni langu. Mzee Nzunda akanikata: "Kwa hiyo unatuuza kwa wakwe zako." Wengine wakacheka. Waliosimama na mimi ni akina mama wanaovuka kwenda gulioni na mizigo kichwani.

Hatimaye kamati mbili zimekaa pamoja. Tumetembea bonde lote na mafundi wa halmashauri zote mbili, pa kuvukia pamepatikana. Yao inashuka kidogo, yetu inapinda kidogo.

Shida ni kwamba yetu ikipinda, inapita kwenye mibuni ya mzee Nzunda. Amekataa. Na hofu yake si ya kijinga: anasema leo tunaamua pamoja na Ileje, kesho tutaamuliwa na watu wasiojua hata jina la kitongoji chetu.

Mvua zimekaribia. Mama mkwe tangu siku ile hajanitazama usoni. Nikifika anaingia ndani. Mke wangu ananiambia nimpe muda.

Nilichojifunza: kusema "hiki ni chetu" ni haki ya mtu, ila mimi niliitumia kuficha chuki yangu, na aliyeumia hakuwa kwenye kamati yoyote.

Kesho asubuhi naenda na Lusekelo kwa mzee Nzunda. Mliowahi kumwomba mtu ardhi yake kwa ajili ya njia ya wote, nipeni uzoefu. Mngeanza na neno gani?