Anajua Kuhesabu Mbuzi, Hajui Kuhesabu Watu

Mimi ni mjane wa miaka sitini na mmoja, naishi Gisenyi, mpakani na Goma. Nilizaliwa si mbali na hapa, nikakimbia nikiwa msichana, nikazeekea Tanzania, na niliporudi sikuitambua hata njia ya kwenda ziwani. Huko nilifundisha madarasa ya watu wazima. Ndiyo maana mtaani wananiita Mukecuru wa Tanzania, yaani yule bibi kizee, na ndiyo maana wananiletea watoto walioshindwa kusoma na hesabu. Nimeomba ukurasa huu wa gazeti ufiche jina langu. La mtoto nimelibadilisha, nitamwita Furaha.

Furaha ana miaka kumi. Nyumba yao inatazamana na yangu. Anaishi na mama yake na bibi yake. Walirudi kutoka makambi ya wakimbizi ya upande wa Goma, baba hakurudi nao, na hawajui alipo. Ndivyo wanavyosema. Mama huvuka mpaka pale Grande Barrière kila asubuhi kuuza karoti na kabichi. Watu watatu: ndivyo walivyojiandikisha kwa nyumbakumi wetu, mkubwa wa nyumba kumi za hapa. Siku hizi anapita kila mara kuuliza nani analala wapi, kwa sababu ya watu wa msituni wanaoingia na kuua. Simlaumu. Hata mimi naogopa.

Mwalimu wa shule ndiye aliyemleta Furaha kwangu. "Mukecuru, huyu amenishinda," alisema. "Anasoma kama redio. Redio inasema muzuri, lakini uiulize imesema nini, bon, kimya."

Nilimpa kitabu chao. Akasoma bila kukwama habari ya mgeni aliyefika jioni akabisha hodi.

"Nani alibisha hodi?" nikamuuliza.

"Sijui."

"Furaha, umesoma sasa hivi."

"Mi sikuona mutu."

Wenzake walicheka sana. Yeye hakucheka.

Nilidhani ni uzito wa kichwa, mpaka nilipompa habari ya mbuzi aliyekula shuka kwenye kamba. Alinieleza yote, hata kwamba mwenye shuka alikosea kuianika chini vile, jambo ambalo kitabu hakikulisema. Hesabu nazo zilikuwa hivyo hivyo. Mbuzi saba, wakitoka wawili? Jibu lilikuja kabla sijafunga mdomo. Watu saba nyumbani, wakitoka wawili? Akatazama sakafu. "Sijui." Nikajaribu samaki, nikajaribu vikapu, nikarudi kwa watu. Kila nilipofika kwa watu, alikuwa mjinga.

Kesho yake bibi yake alivuka njia akaja mpaka mlangoni kwangu, hakutaka kuketi.

"We mukecuru, juu ya nini unauliza mutoto habari ya watu ya nyumba? Kalkili yako, hesabu yako hiyo, imekosa vitu ya kuhesabu? Hesabu ng'ombe ya Tanzania!"

"Ni kitabu cha shule, mwenzangu."

"Kitabu! Na kitabu nacho kinatafuta nani?"

Akavuka njia akarudi kwake. Lakini tangu hapo nami nilianza kutazama.

Baadaye nilirudi kutoka soko la Mahoko na viazi. Nikamwambia Furaha achukue kumi na viwili vya kwao, ila kwanza avigawe sawasawa, kila mtu fungu lake. Nimejiuliza mara nyingi kama nilikuwa namtega. Alipanga mafungu manne, viazi vitatu vitatu, haraka, bila kuhesabu kwa vidole. Kisha akaniangalia usoni. Sijui aliona nini pale. Akalisukuma fungu la nne likaingia kwenye la tatu, akasema, "Nimekosea."

Mafungu matatu, moja mara mbili ya mengine. Ilikuwa hesabu mbaya kabisa, na ndipo nilipojua kwamba mtoto huyu hajawahi kushindwa hesabu.

Nilimfuata bibi yake nikamuuliza, fungu la nne ni la nani. Sauti yake ilishuka. "Ni ya baba yake. Kila siku tunamuwekea. Atarudi."

"Na nani analila?"

"Asubuhi mutoto anakula."

Natamani kuamini. Tulipofika Tanzania, mama yangu alimtaja kaka yangu kila mara mbele ya karani aliyetugawia unga, ingawa kaka hakuvuka mto pamoja nasi. Kwa hiyo najua kwamba mtu asiyekuwepo anaweza kuhesabiwa. Lakini Jumapili moja, goti likiniuma, nilibaki nyumbani. Wao wote watatu walikuwa wamekwenda kanisani, na jiko lao lilitoa moshi. Labda bibi alifunika moto vibaya. Labda.

Sasa mwalimu anasema Furaha atarudishwa darasa la kwanza, na mama yake amekwisha kuapa kwamba ikiwa hivyo, atambebesha karoti, na shule iishie hapo. Kabla ya kufunga muhula kamati ya wazazi itakaa, nami nimeitwa nieleze tatizo la mtoto ni nini. Nyumbakumi ni mmoja wa kamati. Nikisema anajua, watataka aonyeshe, na vitabu vyetu vimejaa watu wanaofika, wanaotoka na wanaobaki. Mtu atauliza kwa nini alikuwa akikosea. Nikisema hajui, nimemfukuza shule kwa mdomo wangu. Na kama kweli kuna mtu mle ndani, nitakuwa nimemficha pia, naye hajulikani amekuja kufanya nini katika mtaa wenye watoto wote hawa.

Jana wenzake walipoondoka, Furaha alibaki akifuta ubao uliokwisha kuwa safi.

"Mukecuru, kule watakuuliza. Utasema mi najua, ama mi sijui?"

"Wewe unataka niseme nini?"

Alifikiri, kama alivyofikiri siku ya ile shuka.

"Sema mi najua mbuzi."

Wasomaji, gazeti hili hunifikia limechelewa, basi msikawie kunijibu. Nishaurini. Mbele ya wale watu, niseme mtoto huyu anajua nini?