Nilifuta Namba ya Kioo, Mwalimu Akapotea Mara ya Pili

Kosa ni langu, na sitafuti mtu wa kunisaidia kulibeba. Shetani mwacheni apumzike, safari hii hakunituma. Nilijituma mwenyewe, tena mbio!

Jina langu halitawafaa kitu. Jueni tu kwamba naishi Kiogoro, nina mke mmoja anayenishinda akili, na nina cheti cha kidato cha nne nilichokipata kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka arobaini na mmoja, nimebanwa dawati moja na wasichana wanaoniita mjomba. Tangu nipate cheti hicho nasoma kila kitu! Nasoma gazeti lililofungiwa nyama. Nasoma migongo ya malori. Nasoma tangazo la mazishi la mtu nisiyemjua mpaka najua majina ya wajukuu wake. Kumbe kusoma nako kuna siku yake ya kumuumbua mtu.

Kazi yangu ilikuwa gari. Nilikuwa na Mjerumani mweupe, sedani ya kifahari ya zamani, ndefu kama sala ya mzee wa kanisa. Nilikuwa nikilikodisha kwa harusi, na nilikuwa nikilipiga polishi mpaka nzi akitua anateleza na kuanguka. Nimebeba maharusi wa Kisii na Nyamira wengi hata siwakumbuki sura. Nikipita, kuku wenyewe walisimama kando ya barabara!

Sasa sikilizeni.

Alhamisi moja niliegesha kando ya uwanja wa shule. Mtu alikuwa akikata nyasi kwa mashine. Jiwe dogo, haki ya Mungu halikuzidi punje ya harage, likaruka. Pwaa! Kioo cha mlango wa nyuma upande wa kushoto kikamwagika chote kwenye kiti, punje punje, kama chumvi ya ng'ombe.

Nilikaa chini kwenye nyasi. Harusi ilikuwa Jumapili, huko Nyamira, na familia ya bibi harusi ilikuwa imelichagua gari langu kwa jina. Ningefanyaje? Bibi harusi apande gari lililofungwa nailoni kama mche wa chai?

Ijumaa nilizunguka mji mzima. Kioo cha gari la umri ule hakipatikani ovyo. Duka moja waliniambia nisubiri wiki tatu kitoke nje. Duka la pili mwenye duka alinitazama akasema, "Mzee, uza hilo gari ununue ng'ombe. Ng'ombe hana kioo." Tukacheka. Ndipo mchuuzi mmoja wa ndizi pale Daraja Mbili akanielekeza kwa mtu mmoja upande wa Suneka, anayeuza spea za magari ya kifahari nyuma ya ua wa mabati.

Yule mtu nilipomwona nilipaswa kugeuza. Shati jeupe pee. Kucha safi. Mliona wapi muuza spea mwenye kucha safi?

"Kioo cha nyuma kushoto?" akasema. "Ninacho."

Hakuuliza gari ni la mwaka gani. Alitazama tu kule nilikoegesha, akaingia ndani, akatoka na kioo kimeviringishwa kwenye blanketi.

"Ukitaka vya milango mingine vipo," akaniambia. "Taa zipo. Viti vipo vyote, ila cha dereva kina doa."

"Doa la nini?"

"Doa ni doa, mteja. Umekuja kununua kioo ama umekuja kuhoji?"

Akacheka. Nami nikacheka! Mungu wangu, nilicheka kweli, meno yote nje, nikabeba kioo changu kama mtu aliyebeba mtoto wa baraka.

Nikampelekea fundi wangu, Nyabuto. Ni Msabato wa kweli huyo, jua la Ijumaa likizama haguswi wala hagusi spana. Alifungua mlango kwa ndani, akafagia vipande, akapachika kioo kwenye reli, kikaingia kama kilizaliwa humo. Kisha akakipangusa vumbi kwa tambara.

"Mkubwa," akaniita. "Njoo uone. Namba hii si yako."

Kwa asiyejua desturi yetu, hapa Kenya wenye magari wengi huchonga namba ya usajili pembeni mwa kila kioo, ili mwizi akikiiba asipate pa kukiuza. Nikainama. Nikaisoma. Herufi tatu, tarakimu tatu, herufi moja.

Wueh!

Namba ile nilikuwa naijua! Ilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya stima pale Daraja Mbili, nami nilikuwa nimeisoma kwa miezi mitano mpaka ikaniingia kichwani kama fungu la kukariri. Anatafutwa. Mwalimu mstaafu wa huko Nyamira, aliondoka nyumbani asubuhi kwenda kumwona rafiki, hakurudi, gari nalo halikuonekana. Kwenye picha amesimama kando ya Mjerumani wake mweupe, pacha wa langu, ameweka mkono juu ya boneti, anatabasamu. Namba inasomeka vizuri kabisa.

"Mpigie aliyekuuzia akupe barua," Nyabuto akasema. "Ama tupige picha tupeleke kituoni, ijulikane."

"Polisi wakiliona watalizuia gari, Nyabuto. Harusi ni kesho kutwa!"

"Basi amua. Jua liko pale, unaliona. Likiingia nyuma ya kilima nimefunga, na kesho usinitafute."

Nikatazama jua. Nikatazama kioo. Nikaiona ile familia ya Nyamira ikinitukana mbele ya kanisa zima.

"Futa," nikasema.

"Nifute?"

"Futa, uandike yangu."

Akanyanyua uso. "Namba hii unaijua wewe?"

"Niijulie wapi?" nikajibu. Laini, bila hata kukohoa!

Akachukua msasa. Jamani, sauti ile! Kwaru, kwaru, kwaru. Unga mweupe ukawa unadondoka juu ya kiatu changu. Herufi ya kwanza ikaenda, ya pili ikaenda. Mimi nilikuwa namhimiza: ongeza nguvu, jua linazama. Ile ya mwisho ilikataa sana. Alipomaliza akabandika karatasi ya herufi, akapaka dawa inayokula kioo, na namba yangu ikakaa juu ya kaburi la ile nyingine. Ila ukungu ulibaki, mkubwa kama kiganja cha mtu.

Harusi ilifana. Watu walisema haijawahi kuonekana tangu Nyamira iwe Nyamira. Lakini njiani shangazi wa bibi harusi, aliyekaa kushoto nyuma, aliuliza, "Dereva, mbona kioo hiki kina ukungu na vingine havina?" Akapangusa kwa leso. Akapangusa tena. "Hautoki," akasema. Nikaongeza sauti ya redio.

Jumatatu simu ikaita.

"Mteja wangu! Harusi ilipendeza."

Sikuwa nimempa namba yangu ya simu yule mtu. Wala sikuwa nimemwambia habari za harusi.

"Nilipita karibu na gari," akaendelea. "Kazi safi! Hata mimi singefuta vizuri vile."

"Mimi sikufuta kwa ajili yako," nikamwambia.

"Msasa ni wako, namba ni yako. Mimi niko wapi hapo? Sasa mimi na wewe ni kitu kimoja. Salimia watoto."

Akakata. Watoto wangu wawili walikuwa nje wakimenya miwa. Niliwaita ndani, nikafunga mlango kwa komeo, mchana kweupe! Mke wangu akauliza kama nimeona nyoka.

Mngedhani hapo ningekimbia kwenda kusema. Sikukimbia. Nilikaa kimya wiki mbili, nikijiambia kwamba mtu akishapotea amepotea, kioo hakimrudishi.

Ndipo akaja yule mama.

Alikuja kwa miguu, mwavuli mkononi, umri wa mama yangu mzazi. Mke wangu akamkaribisha chai na ndizi mbivu. Alisema yeye ni mke wa mwalimu aliyepotea, na kwamba amekuwa akiulizia kila Mjerumani mweupe wa Kisii na Nyamira, kwa sababu mumewe alichonga namba kwenye vioo vyote.

"Nikipata hata kioo kimoja nitajua pa kuanzia," alisema. "Watoto wanataka kumlilia baba yao, lakini utalia matanga bila maiti? Kando ya nyumba, pale pa kumlaza, nimepaacha wazi. Sipandi hata sukuma wiki."

Akaomba alione gari langu. Tulipofika nje akakunja macho, akacheka kidogo kwa aibu. "Herufi ndogo siku hizi sizioni. Nisomee wewe, omwana one."

Omwana one! Mwanangu! Nikaanza kumsomea. Mimi msomaji hodari nilizunguka gari kioo baada ya kioo, nikitamka namba yangu mwenyewe kwa sauti, na yeye akiitikia kwa kichwa kila mara. Tulipofika nyuma kushoto akaweka kiganja chake juu ya ukungu. Kikaufunika wote.

"Hapa pana nini?"

"Kilikwaruzwa, mama. Wakati wa kuosha."

"Pole," akasema. "Vioo vya magari haya vina taabu."

Alinipa pole! Akaniombea, akafungua mwavuli, akashika njia. Nikamtazama mpaka akapotea kwenye kona.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Umemsomea nini yule mama?"

"Namba."

"Namba gani ya kumtoa mtu jasho hivyo?"

Nikamwambia yote. Nilitegemea kelele, Kiogoro yote isikie. Hakupiga kelele. Aliniletea viatu tu, akaviweka mbele yangu. "Vaa," akasema.

Kituoni walinisikiliza, tukaenda Suneka pamoja. Hapakuwa na kitu! Mabati yameng'olewa, nguzo zimeng'olewa, pamebaki weusi wa oili chini na nyasi za manjano zilizokuwa zimelaliwa na vyuma. Majirani wakasema walimsaidia kupakia lori wiki iliyopita, wakadhani amepata kiwanja bora. Jina lake kila mmoja alilijua tofauti.

Afisa akarudi kwenye gari langu akainama.

"Hii namba kwenye kioo ni ya nani?"

"Yangu."

"Na ile ya mwalimu?"

"Niliifuta, afande."

"Nani mwingine aliisoma?"

Nyabuto aliitwa. Alisema ukweli wake: aliona namba ngeni, hakuikariri, mwenye gari alimwambia haijui. Akatoka bila kunitazama.

"Kwa hiyo," afisa akasema, "ulichoniletea ni hadithi."

Gari wakalizuia. Liko nyuma ya kituo, nyasi zimefika kwenye milango. Kila wiki naripoti, na kila wiki wananiuliza tena kama namjua yule mtu vizuri kuliko ninavyosema. Siwalaumu. Mtu anayefuta namba ya gari la aliyepotea na kuchonga yake juu, wewe ungemwitaje?

Lakini hilo silo linalonila. Laiti ningesema Ijumaa ile! Yule mtu alikuwa pale pale na shati lake jeupe. Vioo vingine vilikuwa pale. Kiti chenye doa kilikuwa pale! Wangemfikia kabla jua halijazama, angeulizwa mwalimu yuko wapi, na pengine angesema. Mimi ndiye niliyempa muda wa kupakia lori.

Nilikwenda mwenyewe Nyamira kumwambia yule mama. Nilimkuta anapeta maharagwe. Nikasema yote, macho chini. Aliuliza swali moja tu.

"Siku ile uliponisomea, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

Akaweka ungo chini. Akafunga kitambaa chake upya. Kisha akaniuliza njia ya kwenda pale Suneka, nikamwelekeza.

Sasa naambiwa huwa anakwenda kila siku ya soko, na jembe. Anachimba mahali palipokuwa na mabati, anafika kiunoni, hakuti kitu, anafukia, anaanza kando yake. Wapita njia wanasema amerukwa na akili. Mimi najua hajarukwa na kitu. Ndipo mahali pa mwisho ambapo kitu cha mumewe kilionekana, na hapo hana tena hata herufi moja ya kumwonyesha pa kuchimba.

Simu yangu bado huita. Mtu hasemi. Nasikia tu anapumua, halafu anakata. Watoto wetu tunawapeleka shule kwa mkono, mimi asubuhi, mke wangu jioni.

Ndugu yangu unayesoma hapa, wewe uliyevunjikiwa kioo na una haraka zako: kabla hujakipachika cha mtumba, kipanguse ukisome. Ukikuta namba ya mtu, weka msasa chini. Piga picha, nenda ukaseme, gari lizuiwe, wakuchekee, wakutukane mbele ya kanisa zima! Bibi harusi angefika hata kwa bodaboda. Mwalimu wa watu hajafika mpaka leo.