Sanduku la Taa za Kijani

Mimi ndiye hupokea simu pale ofisi ya chama chetu cha wakulima wa chai, Kimulot, kwa hivyo haya sikuhadithiwa na mtu. Jackton Oketch ni fundi wetu wa simu. Ametoka upande wa ziwa, mpole, anaogopa wakubwa, lakini kichwa chake kinachemka.

Ni yeye alitutoa kwa zile simu za waya, ambazo mvua ikinyesha zinanyamaza wiki nzima. Alituwekea mtambo wa simu wa programu ya bure, ambayo yeyote anaweza kuichukua na kuirekebisha. Inakaa ndani ya seva, kompyuta kubwa ya kukodi, mbali huko, ambayo hata yeye hajawahi kuitia machoni. Mkulima akipiga anasikia sauti ya Jackton: "Karibu. Kuongea na ofisi, bonyeza moja."

Kamati ikakataa.

"Ni ya bure, halafu haionekani?" aliuliza Chairman Kipkemboi. "Hiyo ni simu ama ni pepo? Sisi wakulima walituchagua. Tunataka kitu cha kushika!"

Jackton alieleza mpaka mate yakamkauka. Mwishowe akaleta sanduku la chuma lenye taa za kijani za kumetameta. Ndani hamna kitu. Kamati ikaja, wote saba, wakaligusagusa na kupiga picha nalo. Sanduku likapewa chumba, kufuli na mlinzi wake: Mzee Arasa, Mkisii mmoja mtaratibu, aliyelilinda miaka miwili kama yai. Mimi nilijua. Nilicheka sana, Mungu anisamehe.

Siku ya mkutano mkuu, watu wakiwa kwa foleni ya wali, mtu akavunja kufuli akaenda na sanduku. Arasa alikuwa ameenda kuchukua sahani yake tu. Chairman akashika simu ya mezani, akampigia Jackton: "Wewe! Njoo mbio, simu zetu zote zimeibwa!" Alisema hivyo kwa simu, jamani. Na hakuna aliyeshtuka.

Arasa akafutwa kazi siku hiyo hiyo. Miaka kumi na tisa ya kulinda hapo ofisini, halafu nenda. Jackton akabaki akiangalia viatu vyake.

"Si useme!" nilimwambia.

"Nikisema, mimi ndio naenda, Janeffer."

Nilimchukia siku hiyo. Lakini hata mimi sikusema.

Jumatano simu ikalia. Jackton alikuwa amesimama kando ya meza yangu, na nilivyosikia ni nani, nikaiweka kwa spika makusudi.

"Ni Arasa. Injinia yuko?"

"Niko, mzee."

"Ile siku chairman akiandika barua ya kunifuta, simu yake ya mezani ililia mara tatu. Nilihesabu. Na leo nimepiga, nimesikia sauti yako, nimebonyeza moja. Sasa nisaidie, kijana wangu. Huyo mwizi aliiba nini?"

Jackton akanitazama. Kisha akavua kadi yake ya kazi shingoni, akaiweka mezani kwangu, akatoka kuelekea ofisi ya chairman. Mlango hakufunga.

"Haloo? Haloo? Injinia amekata?"

"Usikate, mzee," nikamwambia, machozi yakinilenga. "Ameenda kukurudishia kazi yako."