Siku Niliyoyakana Meno Yangu

Jamani, aibu hii nimeibeba peke yangu mwaka wa tatu sasa, na ningeendelea kuibeba kama si nyinyi kuniuliza kila mara kwa nini mtu wa miaka arobaini na mitano hana hata wa kumpikia uji. Basi sikilizeni, na atakayecheka acheke, mimi nimeshazoea.

Kwanza mjue kwamba meno yangu sita ya mbele, ya juu, ni ya bandia. Ya kuzaliwa nayo yalibaki Marereni siku niliyoanguka kutoka juu ya lori la chumvi, kwa ujinga wangu mwenyewe, nikimpungia mkono mtu ambaye hata hakuwa ananitazama. Nikatengenezewa mengine Mombasa, mazuri kuliko yale ya kwanza, na kwa kuwa mimi si mtu wa kukaa mahali, nikahama, nikapanga chumba Muyeye, pale Malindi, ambako hakuna aliyejua habari zangu wala za meno yangu.

Chumba cha pili alikaa Khadija, mjane, pamoja na mama yake na binti yake Rukia wa miaka tisa. Ukuta wetu ulikuwa mmoja. Jioni nilikuwa nikizima redio yangu ili niwasikie wakicheka, kisha naiwasha tena wasije wakajua kwamba nimezima. Mwisho nikajikaza nikamwambia Khadija nia yangu, naye akanijibu pale pale, huku anaanua nguo kambani, "Mimi sina neno, na kaka yangu nitasema naye. Lakini siolewi na mtu ambaye Rukia hamtaki. Tangu baba yake afariki, mtoto huyu hajamwita mtu mwingine baba, na mimi simlazimishi."

Basi Idd ikaja, nikaalikwa kwenda nao ufukweni, kule kwenye hifadhi ya bahari, kwenye miti ya mivinje, ambako siku ya sikukuu nusu ya Malindi hutandika mikeka. Nilinyoa mara mbili. Kaka mtu, Athumani, akakodi boti ya kioo, ile ambayo mnakaa mnatazama samaki chini ya miguu yenu, akaniambia, "Panda, shemeji mtarajiwa!" Nami, badala ya kupanda nikakaa kama watu, nikataka kumwonyesha Rukia kwamba mimi ni mwanamume wa baharini, nikasema, "Nyinyi pandeni, mimi nitaogelea kando yenu." (Hapo ndipo nilipoharibu, pale pale, kwa maneno hayo.)

Nikakodi miwani ya kuzamia na mrija wake wa kupumulia. Mwenye kukodisha akanionya, "Ung'ate vizuri, bwana, usiuachie." Nikaung'ata. Na kwa kweli niliyoyaona kule chini sijui niwaeleze vipi, matumbawe kama bustani, samaki wa manjano, wa buluu, wenye mistari, wanapita karibu na uso wako kama vile wewe ni jirani yao wa siku nyingi, nikafurahi mpaka nikasahau nilipo, nikacheka. Sasa mtu hacheki na mrija mdomoni! Maji yakaingia, nikakohoa kikohozi cha kupasua kifua, mrija ukatoka, na meno yakatoka nao.

Nikapapasa huku na huku, nisiyaone. Nikatoa kichwa nje kuvuta pumzi, na boti ile inakuja, inasimama taratibu juu ya mahali penyewe hasa, na nahodha anapiga kelele, "Jamani, hebu tazameni chini! Kuna mtu anatucheka!"

Watu wote wakainama. Nilimsikia Rukia akicheka, na sikuwahi kumsikia akicheka vile hata kupitia ukuta. "Mama, samaki anayapiga mswaki meno!" Nahodha akajitosa, akaibuka nayo, akayainua juu yanang'aa kwa jua. "Ya nani haya?"

Athumani akasema, "Mwenyewe kaliwa na papa, hayo ndiyo makombo!"

Boti nzima hoi. Kisha nahodha akanigeukia mimi niliye majini, "Yako, bwana?"

Ningeitikia kwa kichwa tu, ingekwisha pale. Tungecheka sote, ningekuwa mtu wa kwao wa kutaniwa. Lakini nilimtazama Khadija, nikatikisa kichwa: si yangu. Tena nikacheka kwa pua, na midomo nimeifunga kama sanduku.

Mkadhani yameisha? Nahodha yule alikuwa mtu mwema (watu wema wana hatari yao), akashuka pwani na meno kwenye kikopo cha kutolea maji botini, akawa anapita mkeka kwa mkeka, "Nani kapoteza meno? Jamani, meno ya sikukuu haya, mwenyewe atakulaje pilau?" Na kila mkeka watu wanakenua kumwonyesha kwamba yao wanayo, watoto wanakenua, mabibi wanakenua, vijana wanakenuana wenyewe kwa wenyewe, pwani nzima imekuwa vinywa wazi, isipokuwa changu. Mimi nilikaa pembeni ya mkeka wetu nimejifunika taulo mpaka puani, kama mwenye homa, nikiomba asifike.

Akafika. Na wakati huohuo Rukia akaja kutoka kwa bibi yake, ameshika sahani ya pilau na mchuzi kwa mikono miwili, anatembea polepole isimwagike. Akapiga goti mchangani mbele yangu.

"Shikamoo baba. Karibu chakula."

Nilimsikia vizuri sana. Khadija naye alisikia, kwa sababu aliacha kupakua, mwiko ukabaki hewani. Neno moja tu lilitakiwa kwangu, na neno lenyewe hata halihitaji meno, ni midomo na ulimi. Lakini nahodha alikuwa amesimama pale na kikopo chake, watu wananitazama, nami nikatazama pembeni.

Rukia akangoja. Mchuzi ulianza kumchirizikia mkononi.

"Mwanangu," bibi yake akasema kwa upole, "mtoto amekuamkia."

Nikasimama, nikaondoka na taulo langu, nikatembea kupita mivinje yote bila kugeuka, nikafika Muyeye kwa miguu, sijala, nyumba nzima imefungwa kwa sikukuu na mimi ndani peke yangu.

Asubuhi yake nikaenda kwa nahodha, akanirudishia meno huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Alasiri nikabisha kwa Khadija. Nilimweleza yote, nikayavua nikamwonyesha. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Mama yake akaniita mjinga, akafungua kinywa chake: hakuna hata jino moja. "Na mume alinipenda hivi hivi," akasema.

Kisha Khadija akaikunja ile leso. "Sisi tumekuelewa," akasema. "Lakini Rukia alilia mpaka akalala. Ngoja kidogo."

Nikangoja miezi mitano. Kila asubuhi Rukia akipita kwenda shule, ananiinamishia kichwa, kwa adabu zote alizofundishwa, "Shikamoo."

"Marahaba!" naitikia kwa kinywa wazi, kwa sauti ya kufukuza kuku uani, "Marahaba, mwanangu!" Naye alikuwa akishuka ngazi kabla sijamaliza. Shikamoo, basi. Lile neno la pili sikulisikia tena.

Ndipo nikafungasha, nikaja huku Kilifi. Siwalaumu, Khadija alitimiza alivyosema. Nami nimejiapiza kwamba mtoto yeyote akiniamkia, awe wa nani, niwe na meno au sina, nitamjibu kabla hajainua kichwa.