Tundu la Kifuniko

Fundi Bati alikuwa amefura kwa hasira, na hasira zenyewe ni za maharage. Ndiyo, maharage! Mwanamume aliyeezeka nusu ya nyumba za mtaa ule, leo anashindwa na sufuria. Alikuwa amechuchumaa uani mbele ya jiko lake la pipa, alilolipasua mwenyewe ubavuni na kulitia bawaba, akipuliza makaa, akikohoa na kutukana chini chini.

Mkewe alikuwa ndani, ametoka hospitali juzijuzi, mwepesi kama ganda. Daktari alisema kinagaubaga: asipokula akapata nguvu, atarudishwa wodini. Na mwenyewe hataki kula. Uji anausukuma, mchuzi anaugeuzia uso. Kitu pekee alichokitaja kwa mdomo wake ni maharage ya nyanya, yale yenye moshi, aliyokuwa akiyapika ndani ya pipa lile kila Jumapili. Kibaya zaidi, siku hizi hasemi. Yeye, aliyekuwa na mdomo wa kuamsha mtaa mzima! Nyumba ilikuwa kimya hadi Fundi akaanza kuichukia saa ya ukutani.

Basi akapika. Maharage yalipoiva akatia nyanya, vitunguu na sukari kidogo, akafunika, akaiingiza sufuria ndani ya pipa na kutupia vijiti vya mpera vilivyoloweshwa juu ya makaa. Moshi ukatanda mpaka jirani akafunga madirisha. Akapakua, akampelekea mkewe. Mkewe akaonja kijiko kimoja tu.

"Hayana moshi," akasema, akageukia ukuta.

Hayana moshi! Wakati yeye Fundi shati, nywele, hata soksi zinanuka moshi! Kesho yake akaongeza vijiti mpaka macho yakavimba. Wapi! Akabadilisha mkaa. Akayaacha maharage ndani ya pipa tangu asubuhi hadi jioni. Wapi bwana! Kijiko kiliporudi tena sahanini, alitoka uani akalipiga pipa teke. Akaumia kidole, na pipa halikutikisika.

Hapo ndipo shemeji yake, mdogo wa mkewe, alipoingia kuja kumwona mgonjwa. Akamkuta ameshika kidole cha mguu, machozi yanamtiririka.

"Shemeji, unalia?"

"Ni moshi!" Fundi akafoka. "Na usinitanie leo. Dada yako anakufa na njaa mbele ya macho yangu. Nimefanya kila kitu kama yeye. Mpera ule ule, sufuria ile ile. Hata kifuniko nimemtengenezea!"

Shemeji akainua kifuniko kwa kitambaa, akakigeuzageuza. "Lile tundu liko wapi?"

"Nimeliziba."

Kishikio cha kifuniko kile kiling'oka zamani, kikaacha tundu la kupitisha vidole viwili. Miaka nenda rudi mkewe alimsema: fundi gani wewe, unaziba mapaa ya watu, kifuniko cha mkeo kimetoboka? Naye akajibu kila mara: kesho. Mkewe alipolazwa, tundu lile likamnyima Fundi usingizi. Akakata bati jipya, akaliziba kwa misumari ya ribiti, akaling'arisha, ili akirudi alikute. Lakini tangu arudi hajakanyaga jikoni.

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. "Sasa huo moshi unaingilia wapi, shemeji yangu? Unabisha hodi?"

Fundi akakodoa macho. Alikwenda kuchukua patasi na nyundo, akaitoboa kazi yake, nzuri kuliko zote alizofanya mwaka ule, na kwa kila pigo akanguruma, "Miaka yote! Miaka yote ananisema!"

Jioni mkewe alikula. Kijiko, kingine, kingine, mpaka akaikwangua sahani. Kisha akaegemea mto, akamtazama mumewe na masizi yake.

"Baba watoto."

"Naam."

"Na kile kifuniko changu utakiziba lini? Fundi gani wewe?"

Fundi Bati akafungua mdomo, hasira zote za siku zile zikiwa zimemfika kooni. Akaufunga.

"Kesho, mama watoto," akasema, akatoka haraka kwenda uani, kwenye moshi, mahali ambapo mtu akilia hakuna wa kumuuliza.